Waini nyeupe yenye harufu kwa bei nafuu: ipi ya kunywa tupu, ipi ya kupeleka mezani

Kabla hujasoma jina la zabibu kwenye lebo, amua jambo moja: chupa hii itanywewa tupu barazani jioni, au itakaa karibu na sahani? Na kama ni sahani, ina pilipili kiasi gani, ina nazi, ina ndimu? Waini nyeupe zenye harufu kali huwachanganya wanunuzi kuliko nyingine zote, maana chupa iliyosifiwa na kila mtu kabla ya chakula huweza kuwa ya kwanza kusukumwa kando wali ukishapakuliwa. Nayo ile iliyowakunja watu uso ilipoonjwa tupu ndiyo inayowahi kwisha samaki akifika.

Hapa tunalinganisha aina nne, kwa chupa ya mililita 750 isiyozidi shilingi 2,000 hivi: Muscat, ambayo kwenye rafu nyingi huandikwa Moscato, Sauvignon Blanc, Chenin Blanc, na Gewürztraminer. Hiyo ya mwisho ni adimu Mombasa na bei yake huruka mpaka huo mara kwa mara, lakini ina kazi yake ambayo wenzake hawaiwezi. Nyingi za bei nafuu utakazokutana nazo kwenye supamaketi za Nyali, Bamburi au katikati ya mji zinatoka Afrika Kusini, na hiyo ni faida kwa mnunuzi, kwa sababu tutakazoeleza mbele.

Pua haionji sukari

Ukifungua Muscat, harufu inayokupokea ni ya asumini, maua ya mchungwa na zabibu mbivu. Linaloli, moja ya kemikali zinazoipa Muscat harufu yake, imo pia kwenye asumini na langilangi, maua yale yale yanayotungiwa vikuba. Gewürztraminer ina geranioli, iliyomo kwenye waridi, na harufu yake nyingine inakaribia shokishoki lililomenywa sasa hivi. Sauvignon Blanc inashika njia nyingine kabisa: majani yaliyokatwa, pilipili hoho, pasheni, balungi. Chenin Blanc ndiyo pole kuliko zote, tufaha na pera na asali kidogo, na wako wanaosema haistahili kuhesabiwa kwenye kundi hili. Sisi tunaihesabu kwa sababu ya kazi inayoifanya mezani.

Tatizo ni kwamba tumezoea kukuta harufu za maua na matunda kwenye vitu vitamu, basi mtu huanza kuonja sukari kabla ulimi haujaguswa. Waini ya Torrontés kutoka Argentina ni mfano mzuri. Inanukia utadhani imetiwa asali, lakini nyingi ni drai kabisa, yaani hazina utamu, na zina uchungu kidogo mwishoni. Anayeinunua akitarajia Moscato hudhani ameuziwa chupa iliyoharibika.

Cha kutazama ni namba ya kileo. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kileo. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja zikiliwa hutoa asilimia 1. Mtengenezaji akitaka waini tamu ya kileo kidogo, huisimamisha hamira mapema kwa kupoza na kuchuja, na sukari iliyosalia inabaki kwenye chupa. Kwa hiyo asilimia 5 hadi 8 maana yake ni tamu bila shaka. Asilimia 9 hadi 11 mara nyingi ina utamu kiasi. Asilimia 12 hadi 13.5 kwa kawaida ni drai au karibu na drai. Gewürztraminer huvunja kanuni hii: zabibu zake huiva zikiwa na sukari nyingi mno, ndiyo maana unaweza kukuta asilimia 13.5 na bado kuna utamu. Chenin nazo zina mchezo wao, kwani baadhi ya chupa za bei nafuu huongezwa maji ya zabibu mwishoni ili zilainike.

Maneno ya lebo yasaidie pale namba inapotatiza. Natural Sweet na Late Harvest kwenye chupa ya Afrika Kusini ni tamu kweli, kwa kawaida gramu 20 za sukari au zaidi kwa lita. Moscato huweza kufika gramu 100 kwa lita, karibu sawa na soda: glasi ya mililita 150 inabeba gramu 15, vijiko vidogo vinne kasoro kidogo. Waini drai kwa kipimo cha Ulaya kwa kawaida haizidi gramu 4 kwa lita. Mwenye kuangalia sukari kwa sababu za afya afanye hesabu hiyo kabla ya glasi ya kwanza.

Ikinywewa tupu

Hapa Moscato inashinda, na haina mpinzani wa karibu. Kileo ni kidogo, sukari inaficha ukali wote, harufu inajaa glasi, na asiyezoea waini haihitaji kufundishwa. Ukipata yenye gesi kidogo, chukua hiyo, kwa sababu mapovu yanafanya kazi ambayo uchachu hafifu wa Muscat hauwezi kuifanya: yanausafisha ulimi kati ya funda na funda. Isiyo na gesi hukinaisha. Glasi ya kwanza ni furaha, ya pili ni sawa, ya tatu inabaki mezani ikipata joto, na Moscato yenye joto ni sharubati iliyosahaulika juani. Ukiwa na watu wanne, chupa moja inawatosha. Usinunue mbili kwa sababu tu glasi ya kwanza ilipokewa kwa shangwe.

Gewürztraminer ikinywewa tupu ni waini ya glasi moja. Harufu yake ni nzito kama chumba kilichofukizwa udi, mwili wake, yaani uzito unaouhisi kinywani, ni mkubwa vilevile, na uchachu wake ni mdogo. Baada ya mililita 100 pua inachoka. Ni anasa nzuri, lakini si chupa ya kukaa nayo jioni nzima.

Sauvignon Blanc tupu ndiyo inayoleta malalamiko. Uchachu wake unachokoza tumbo lisilo na kitu, na drai ya bei nafuu iliyotoka kwa zabibu zilizochumwa mapema huonja kama ndimu iliyokamuliwa kwenye maji ya majani. Mara nyingi kosa si la waini: imepewa kazi isiyo yake. Chenin yenye utamu kidogo inakaa katikati, haimshangazi mtu wala haimkeri. Kama wageni hujui ladha zao, hiyo ndiyo salama.

Ila tuseme ukweli, kunywa bila chakula hapa mjini mara nyingi huwa na kisahani cha kitu. Korosho, karanga, krispi za muhogo. Chumvi hubadilisha hesabu: inapunguza makali ya uchachu na uchungu ulimini, na Sauvignon iliyokuwa inauma dakika mbili zilizopita inatulia na kutoa ladha ya tunda. Jaribu mwenyewe kwa funda moja kabla ya krispi na funda moja baada yake. Lakini krispi zikinyunyizwa pilipili ya unga, hesabu inageuka tena, na hapo tumeshaingia kwenye habari ya chakula.

Sahani ikifika

Tuanze na pilipili, maana ndiyo inayoharibu chupa nyingi. Kapsaisini, kitu kinachofanya pilipili iwashe, huamsha neva za kinywani zinazohisi moto, na kileo nacho huziamsha hizo hizo. Waini ya asilimia 13.5 juu ya viazi karai vilivyochovywa kwenye ukwaju wenye pilipili ni kumwagia mafuta motoni: utasikia moto kooni na harufu yote ya waini itapotea. Moscato ya asilimia 6 au 7 hapa inafanya vizuri ajabu, kwa kuwa sukari inapoza na kileo ni kidogo. Bajia na sambusa za nyama zenye pilipili nyingi zinafuata kanuni hiyo hiyo. Kama unataka sahani ya pilipili na hutaki Moscato, tafuta waini nyeupe ya Riesling yenye utamu kiasi kutoka Ujerumani, ambayo mara nyingi huwa na kileo cha asilimia 8 hadi 11 na uchachu wa kutosha. Kwenye lebo, neno trocken maana yake ni drai, kwa hiyo kwa sahani hii liepuke.

Ndimu na ukwaju vina kanuni moja tu, nayo haina huruma: waini isipokuwa chachu kulingana na chakula, itaonekana imekufa. Kamua ndimu juu ya changu wa kukaanga, kisha unywe Moscato. Utaonja maji ya sukari, hakuna kingine. Badilisha uweke Sauvignon Blanc, na ule ukali uliolalamikiwa barazani unakutana na ukali wa ndimu, vinapungua vyote viwili, na harufu ya pasheni inajitokeza. Kamba waliokaangwa kwa kitunguu thomu na ndimu, ngisi, tafi wa kuchoma na kachumbari isiyo na pilipili nyingi: zote hizi ni uwanja wa Sauvignon, na hapo ndipo chupa ya bei nafuu inapoonja kama ya bei ghali. Chagua yenye asilimia 12 hadi 12.5 badala ya 13.5, ili pilipili ikiwepo kidogo isiwashwe zaidi.

Nazi ni habari nyingine. Samaki wa kupaka ana tui zito lililochemshwa mpaka likashika, lina mafuta yanayofunika ulimi, lina utamu wake wa asili, na ndani yake kuna ndimu au ukwaju, bizari, tangawizi na pilipili. Waini drai mno huonekana nyembamba mbele ya utamu wa tui. Waini tamu mno hukutana na mafuta na kukinaisha ndani ya vijiko vitatu. Kinachotakiwa ni uchachu wa kukata mafuta pamoja na sukari kidogo ya kulingana na tui. Hiyo ni Chenin Blanc yenye utamu kiasi, na kwa sahani hii tunaiweka mbele ya Sauvignon bila kusita. Chenin ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, ndiyo maana ina bei nzuri, na Dodoma nako inalimwa. Wali wa nazi na kuku wa kupaka, mchuzi wa kamba wa nazi, hata mbaazi za nazi, vyote vinakwenda na chupa hiyo hiyo.

Biriani ndiyo sahani ambayo Gewürztraminer ilikuwa inaingojea. Iliki, mdalasini, karafuu, zafarani, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vitamu: waini isiyo na harufu nzito hapa inazimwa. Waridi na shokishoki za Gewürztraminer zinasimama bega kwa bega na masala. Lakini kuna mtego. Mtu akishakamua ndimu juu ya sahani, uchachu mdogo wa waini hiyo unazidiwa, nayo inalegea kama mafuta. Ama ndimu ikae pembeni, ama unywe Chenin. Achari ya embe, kwa mafuta, chumvi, uchachu na pilipili yake kwa pamoja, haipatani na waini yoyote kati ya hizi. Ile kwa raha zako, kunywa maji, kisha urudi kwenye glasi. Pilau haina makeke hayo. Chenin au Sauvignon, yoyote.

Na vitamutamu? Kanuni ni kwamba waini iwe tamu kuliko kitafunio, la sivyo itaonja chachu na nyembamba. Moscato inaweza kusimama na mkate wa sinia, mahamri ya iliki, vitumbua visivyo na sukari nyingi, na embe bivu. Kwa kaimati zilizozamishwa kwenye shira, na kwa haluwa, hata Moscato inashindwa. Hizo zina kahawa yao ya tangawizi, ziachiwe.

Kabla ya kumimina kwa wageni, pima kwa njia hii: funda dogo la waini, kijiko cha rojo lenyewe, kisha funda la pili. Rojo ndilo linaloamua, si samaki wala kuku. Funda la pili likiwa limebaki na harufu, endelea. Likiwasha, kileo ni kikubwa mno kwa pilipili hiyo. Likiwa kama limekufa, chakula ni kichachu kuliko waini. Likiwa kali kuliko la kwanza, chakula ni kitamu kuliko waini. Kwa hili la mwisho unaweza hata kurekebisha sahani: chumvi kidogo zaidi, au sukari kidogo pungufu kwenye tui.

Neno moja la adabu kabla hatujaendelea. Nyumba nyingi za Mombasa haziruhusu kileo, na mikahawa mingi ya chakula cha Kiswahili na biriani, hasa Mji wa Kale, haiuzi wala haitaki kuona chupa mezani. Chukua chakula ule kwako. Kwenye hoteli na mikahawa inayouza pombe, uliza kwanza kama unaweza kuja na chupa yako na ni ada gani wanatoza ya kuifungua, maana ada hiyo inaweza kula nafuu yote uliyoipata dukani.

Joto la hapa na namna ya kulishinda

Chupa iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 30 inahitaji karibu saa tatu kwenye friji. Huna saa tatu? Jaza ndoo nusu barafu nusu maji, tia kiganja cha chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni, na baada ya dakika 20 iko tayari. Barafu bila maji huchelewa kwa sababu inaigusa chupa hapa na pale tu. Friza inafaa kwa dakika 30 hadi 40, ukiwa na saa ya kukukumbusha. Waini ikiganda hutanuka, ikasukuma kizibo au ikapasua chupa, na yenye gesi ni hatari zaidi.

Moscato inywewe kwenye nyuzi 6 hadi 8, Sauvignon 8 hadi 10, Chenin 9 hadi 11, Gewürztraminer 10 hadi 12. Usipokuwa na kipimajoto, tumia pua. Isiponukia chochote imepoa mno, ishike kikombe cha glasi kwa viganja dakika moja au mbili. Ikinuka kileo kabla ya tunda, irudi kwenye ndoo. Kwa unyevu na joto la hapa, glasi iliyojazwa inaharibika kabla hujafika nusu, kwa hiyo mimina mililita 80 hadi 100 kwa wakati, chupa ikibaki ndani ya maji ya barafu, na ushike glasi kwa mguu wake. Glasi iliyobana mdomoni inatunza harufu. Bilauri iliyonyooka inaimwaga hewani, na kwa waini za aina hii harufu ndiyo uliyoilipia.

Barafu ndani ya glasi? Kwenye Moscato tamu sana haina ubaya, hata inasaidia. Kwenye Sauvignon unabaki na maji machachu. Zabibu zilizogandishwa kwenye friza zinapoza bila kuchanganya maji.

Dukani, na kinachobaki

Harufu hizi ni za ujana. Afrika Kusini huvuna kuanzia mwezi wa Januari hadi Aprili hivi, na waini nyeupe za bei nafuu hutoka mwaka huo huo, kwa hiyo si vigumu kupata mwaka wa karibuni kwenye lebo. Miaka miwili nyuma ni mwisho wetu kwa Moscato na Sauvignon; Sauvignon iliyochelewa hunuka mbaazi za kopo. Kenya nayo ina mizabibu yake ya Sauvignon Blanc, upande wa Naivasha, na ukikuta chupa yake changa inastahili kujaribiwa.

Usichukue chupa iliyokaa dirishani au chini ya taa kali, hasa ya kioo cheupe. Mwanga huipa harufu ya kabeji iliyochemka. Tazama shingo: kizibo kilichoinuka au unato pembeni ni alama ya chupa iliyopata joto. Rangi ya dhahabu iliyokoza kwenye waini changa ya bei nafuu ni alama nyingine, na ukiifungua utakuta tufaha lililopikwa. Kifuniko cha kuzungusha ni kizuri kuliko kizibo kwa tabianchi yetu. Na uharibifu wenyewe mara nyingi haufanyiki dukani: buti la gari lililofungwa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana linatosha. Weka chupa ndani ya gari penye kivuli, imefungwa gazeti lililoloweshwa.

Ukiwa na hela ya chupa moja na meza ina kila kitu, nunua Chenin yenye utamu kiasi, asilimia 12 hivi. Ukiwa na hela ya mbili, usirudie: Moscato moja ya kufungulia na ya pilipili, Sauvignon moja ya samaki na ndimu.

Iliyofunguliwa irudishe friji mara moja ikiwa imezibwa. Sauvignon na Chenin hudumu siku tatu hadi nne, Moscato yenye gesi siku moja tu kabla mapovu hayajaondoka. Waini ya boksi hudumu wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa, kwa kuwa mfuko hujibana bila kuingiza hewa, lakini tazama tarehe iliyopigwa kwenye boksi, maana plastiki inapitisha oksijeni taratibu hata kabla hujaifungua. Mabaki ya Sauvignon, nusu kikombe, yanafaa kwenye kamba wa thomu: yatie sufuriani kabla ya kamba, yachemke dakika mbili harufu ya kileo iishe. Ya Moscato usiyatie huko, sukari yake itaungua na kuwapa kamba ladha ya sukari guru.